Kavaliere Ermete na Msichana Asiyeaminika

"Hivi Pierina, kwa jina la Bikira, huyu Kavaliere wenu aliwahi kuwa kijana?"

Aliyeniuliza ni Gemma, jirani yangu mwenye tanuri la mkate, asubuhi moja ya Septemba mwaka wa themanini na tano, unga umemganda mpaka viwikoni. Mimi nilikuwa nimefuata mkate tu, sikufuata maswali mazito. Lakini lile swali lilinikaa kichwani, kwa sababu kila nikijaribu kumfikiria Kavaliere Ermete Pallotta akiwa mvulana, namwona vilevile alivyokuwa mwaka ule: kizibao, saa ya mnyororo, kalamu nyekundu mfukoni, na kichwa kimeinamia upande kama mtu anayesikiliza muziki mtamu, na muziki wenyewe ni sauti yake.

Wapo wazee wanaosema kwamba alipokuwa mdogo aliwahi kupanda mnara wa kanisa letu kuiba mayai ya njiwa, akaanguka juu ya paa la sakristia, kile chumba cha mavazi ya padre. Mimi habari hiyo sikuiamini. Ingekuwa kwenye hadithi ya shindano la mji analolisimamia, yeye mwenyewe angeipiga mstari.

Sisemi kwa ubaya. Kavaliere ni mtu mwema, analipa sadaka, hadaiwi na mtu. Maisha yake yote ya kazi alikaa ofisi ya ardhi ya wilaya akichora mipaka ya mashamba ya wengine, na alipostaafu serikali ikampa cheo cha Kavaliere, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukumbuka kosa lolote alilofanya, wala jambo jingine lolote. Cheo hicho tangu zamani ni cha wapanda farasi. Yeye anaogopa hata punda wa Sesto mwenye mkahawa. Lakini kalamu anaipanda, na akishaipanda hashuki.

Ukitaka kusoma kazi zake zote, nenda makaburini. Hapa Colfrasco hakuna mtu aliyekufa tu. Mmoja "aliruka kwa mbawa za alfajiri," mwingine "alilala katika kitanda cha nyota," na mume wangu, Mungu amrehemu, ambaye mezani hakuwahi kusema zaidi ya "chumvi," ana jiwe linalosema kwamba "ulimi wake ulidondosha asali." Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani fundi amekosea kaburi. Kavaliere hatozi chochote kwa kazi hiyo, na ndiyo maana huwezi kumkatalia. Mkewe marehemu, Leonilde, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache mumewe alimsahihishia. Jiwe lake ndilo refu kuliko yote.

Mtu wa namna hiyo mji unamfanya nini? Unampa uenyekiti. Kila Oktoba, kwenye sikukuu ya mavuno ya zabibu, mji wetu hutoa tuzo ya hadithi fupi iitwayo Kichala cha Dhahabu. Dhahabu yenyewe ni rangi. Mshindi hupewa kibao, mguu mzima wa nguruwe uliokaushwa kwa chumvi, na hadithi yake huchapwa kwenye jarida la parokia, baina ya ratiba ya misa na matangazo ya waliofariki. Usicheke. Watu huandika mwaka mzima kwa ajili ya ule mguu.

Hadithi huja bila jina. Mwandishi huweka neno la siri juu ya ukurasa wa kwanza, na jina lake hulifungia kwenye bahasha yenye neno lilelile. Bahasha hukaa sakristia kwa Padre Celso. Ya mshindi hufunguliwa mbele ya watu uwanjani. Za walioshindwa huchomwa kwenye jiko la ukumbi bila kufunguliwa, ili asiwepo wa kuchekwa sokoni. Ni desturi nzuri, ya huruma. Kweli kila mtu huwa ameshajua nani kaandika nini, maana mji mzima una mashine za kupiga chapa mbili, na moja yake haina herufi ya *m*.

Majaji tulikuwa wanne: Kavaliere; Padre Celso; Bi Zelinda wa duka la dawa; na mimi. Kanuni zinataka awepo "msomaji wa kawaida," na Padre alinichagua mimi kwa sababu nina darasa la tano, na kwa sababu ukumbi mimi ndiye ninayeufagia, kwa hiyo funguo ninazo.

Namna ya kuhukumu ilikuwa moja tangu siku ya kwanza. Kavaliere husoma kila hadithi kwa sauti, sisi tunasikiliza. Tatizo ni kwamba yule baba hawezi kusoma sentensi ya mtu bila kuitengeneza. Macho yanaona "jua lilizama," mdomo unatoa "tufe la dhahabu liliyeyuka nyuma ya vilima vyenye huzuni." Hajui kama anafanya hivyo. Kwa hiyo miaka yote hiyo sisi majaji tulisikiliza mwandishi mmoja tu, tukampigia kura, na kila mwaka tukashangaa jinsi washindi wetu wanavyofanana.

Sentensi fupi aliiita kikohozi. "Huyu hana mtindo, ana mafua," angesema, na karatasi ikaenda kwenye lundo la kushoto. Hadithi isiyo na machweo ilikwenda kushoto. Na hadithi yenye kijana, hapo ndipo alipokuwa mkali kabisa, kwa kuwa alijihesabu kuwa bingwa wa vijana. Alikuwa naye mmoja nyumbani.

"Mhusika kijana lazima aaminike," alituambia, kidole juu.

Kijana wa kuaminika, kwa Kavaliere, ni yule anayeamka kabla ya jogoo, anabusu mkono wa bibi, na akiulizwa habari zake anajibu kwa ukurasa mmoja na nusu. Mshindi wa mwaka uliotangulia, mpima ardhi Onofrio Zampa wa mji wa jirani, mzee mwenye wajukuu, alituletea msichana wa miaka kumi na miwili anayekufa kwa kifua kikuu. Kabla ya kukata roho alihutubia ukoo wake kurasa mbili bila kupumzika. Bi Zelinda alisema mapafu kama yale angeyapeleka bendi ya mji yakapige tarumbeta. Kavaliere alikuwa analia, hakusikia. Zampa akabeba mguu wake akaenda.

Sasa huyo kijana wa nyumbani. Anaitwa Nives, mtoto wa binti yake. Wazazi wanafanya kazi kiwandani Uswisi, na karatasi zao za kazi zilikuwa za msimu, zisizoruhusu mtoto, kwa hiyo tangu akiwa mdogo aliachwa kwa babu. Kwa mapenzi hakunyimwa kitu. Kavaliere alimnunulia kobe, alimvusha surua akikesha kwenye kiti, alimtembeza mkono kwa mkono kila jioni. Na alimsahihisha. Mtoto akisema "nasikia njaa," babu anasema, "Sema: hamu ya chakula imenijia." Supu ikapoa wakati wanatafuta neno.

Jumapili wazazi hupiga simu kwenye mkahawa wa Sesto. Jumapili moja kabla ya Krismasi, mkahawa umejaa, Nives alikuwa ameshika simu na babu amesimama pembeni akimpa maneno. Alikuwa amemtungia sentensi tangu Alhamisi. Ila mtoto, wakati mama yake anaeleza tena kwa nini Krismasi hawaji, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimechoka kukungoja."

Kavaliere akaichukua simu mkononi mwake. Hakuwa mkali, alitabasamu kabisa, kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi kwenye koti.

"Anachotaka kusema," akamwambia binti yake, "ni hiki: moyo wangu, ewe mama, ni njiwa aliyevunjika bawa, atuaye kila jioni juu ya paa la kumbukumbu yako."

Wote tuliisikia, maana Kavaliere huongea na simu ya Uswisi kana kwamba sauti inakwenda kwa miguu. Wacheza karata waliinamisha vichwa. Nives alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akatoka nje.

Tangu siku hiyo aliacha kuongea na babu yake. Shuleni aliongea, kwa Gemma aliongea, kobe alimweleza kila kitu. Nyumbani, "hakuna kitu" ndilo jibu pekee lililobaki, na hilo kwa sababu ni fupi mno kusahihishwa. Mji mzima ulijua. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, na si kwamba hakuambiwa. Siku ya Pasaka Padre Celso alimvuta kando mlangoni mwa kanisa.

"Kavaliere, Nives amekuwa kimya sana."

"Sema 'amezama katika tafakuri,' Padre. 'Kimya' ni neno la mapangoni."

Bi Zelinda naye akamjaribu juu ya kaunta ya dawa. "Kavaliere, mjukuu wako hasemi."

"Hasemi ovyo, Bi Zelinda. Umelisahau neno 'ovyo.' Nipe zile za kikohozi."

Basi ndiyo maana nasema Gemma hakuniuliza bure asubuhi ile. Alitazama mlangoni, akaniegemea juu ya mikate.

"Nives kaandika hadithi."

"Ya shindano?"

"Ya hilo hilo shindano lenu. Kaniapisha nisimwambie mtu."

"Na mimi mbona unaniambia?"

"Wewe si mtu, Pierina, wewe jaji."

"Lakini ndugu wa jaji haruhusiwi, Gemma. Kanuni ya kwanza kabisa."

"Anajua. Kwani anataka mguu wa nguruwe yule mtoto? Anataka isomwe." Akafuta mikono kwenye aproni. "Baba yake kapata kibali cha kudumu. Wanamtaka Uswisi. Jumapili baada ya sikukuu anatakiwa awajibu kwenye simu. Kaniambia hivi: babu akiisikia hadithi yangu mpaka mwisho, akanielewa, nabaki namaliza shule hapa. Asiponielewa, nafunga sanduku."

"Mwenyewe anataka kubaki?"

"Anataka, ee! Ana shule yake, ana rafiki zake, na yule mzee anampenda. Shida mzee hana nafasi ya kupendwa, anaongea."

Nikaapa kwa Mtakatifu Rita kwamba sitafungua mdomo. Ukiniuliza leo, ningechagua mtakatifu mwingine, asiyeshika sana viapo.

Tulikaa kuhukumu siku ya mvua, ukumbi unanuka zabibu zinazochacha kwenye maghala ya chini. Mada ya mwaka ule ilikuwa "Vijana," kwa hiyo mezani tulikuwa na vifo vingi. Kavaliere alisoma kwa furaha. Kabla ya saa ya chai tulishazika wasichana watatu na mvulana kiwete, kila mmoja na hotuba yake. Zampa safari hii alileta mapacha.

Kisha akafungua nyingine. Neno la siri: "Hakuna kitu." Nilimwona Padre ananyoosha shingo. Kurasa zenyewe hazikuwa na herufi ya *m* iliyochapwa hata moja. Zimejaziwa kwa mkono, kwa wino wa bluu. Ile ni mashine ya Gemma, ya kuandikia bei za mkate.

"Babu yangu mpendwa, mwenye mvi za fedha," Kavaliere alianza, "hunena bila kuchoka mithili ya chemchemi. Nami, mjukuu mnyenyekevu, huketi mkabala naye nikijipatia mlo wa jioni..." Akasimama. Akageuza karatasi huku na huku. "Ajabu. Hapa hakuna kitu cha kushika. Ni vikohozi vitupu. 'Mimi nakula.' 'Hakugundua.' Na huyu mtoto anadai kwamba ameacha kusema na babu yake, wakala pamoja majira ya baridi yote, na babu hakujua!"

Bi Zelinda alikuwa ametia leso mdomoni.

"Ndugu zangu, tuwe watu wazima. Huyu mwandishi hajawahi kukaa na kijana. Msichana hanyamazi! Mimi ninaye mmoja nyumbani, tunazungumza kutwa."

"Anasemaje, Kavaliere?" Bi Zelinda akauliza kwa sauti ya upole ambayo kwa kawaida huiweka kwa wagonjwa.

"Ananisikiliza."

"Ndiyo. Ila anasemaje?"

"Anasikiliza kwa namna ya kueleza mengi. Na babu huyu! Babu gani kiziwi hivyo? Haaminiki mtoto, haaminiki babu. Na machweo yako wapi?"

Akaiweka kushoto, juu ya lundo la jiko. Alikuwa na haki. Kanuni zinamruhusu mwenyekiti kuacha baada ya ukurasa wa pili. Jiko lilikuwa linanguruma. Mimi niliangalia zile karatasi na herufi zao za bluu, nikafikiria sanduku. Kiapo kilinizuia kusema ni ya nani. Hakikunizuia kuwa mpumbavu, na huko nina uzoefu.

"Kavaliere," nikasema, "mimi sikuielewa."

Walinigeukia wote. Katika miaka yangu ya ujaji nilikuwa sijasema kitu zaidi ya "nakubali" na "chai ipo."

"Huna haja ya kuielewa, Pierina mama. Imeshakwenda."

"Ndiyo, lakini kanuni zinasema msomaji wa kawaida aelewe. Naomba isomwe yote. Na isomwe kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, maana nikisikia maneno mazuri akili yangu inapotea njia."

"Nimesoma kama ilivyoandikwa!"

Padre Celso aliangalia dari. Alisema kwamba labda Kavaliere apumzishe koo, na Bi Zelinda asome, kwa vile Bi Zelinda kazi yake ni kusoma mwandiko wa madaktari bila kubadilisha kitu, na akibadilisha mtu anakufa.

Bi Zelinda akaivuta kutoka kushoto. Akasoma kama anavyosoma kipimo cha dawa.

"'Babu yangu anaongea. Mimi nakula. Siku moja niliacha kusema naye ili nione kama atagundua. Supu ilikuwa ya maharage. Hakugundua. Kesho yake nayo ilikuwa ya maharage.'"

"Unaona?" Kavaliere akasema. "Mafua."

"'Simchukii. Nilipoumwa alikaa kwenye kiti usiku kucha. Niliamka nikamwona amelala mdomo wazi, hana neno hata moja, nikampenda sana. Nilitamani aamke hivyohivyo.'"

Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Bi Zelinda akageuza ukurasa, na sasa tukafika mkahawani, kwenye simu, na mimi nikashika rozari mfukoni.

"'Nilimwambia mama kwamba nimechoka kumngoja. Babu akachukua simu. Akasema ninachotaka kusema ni hiki: moyo wangu, ewe mama, ni njiwa aliyevunjika bawa, atuaye kila jioni juu ya paa la kumbukumbu yako.'"

"Aa!" Kavaliere alipiga meza. Uso ulimng'aa. "Mwishowe! Hiyo sasa ndiyo nathari! 'Atuaye kila jioni.' Mnaisikia pumzi yake? Kumbe huyu mwandishi anaweza akitaka! Rudia hapo, Bi Zelinda."

Bi Zelinda akarudia, taratibu zaidi.

"'Juu ya paa la kumbukumbu yako,'" Kavaliere akamalizia pamoja naye, macho yamefumba. Kisha akayafumbua. "Ngoja. Hii nimewahi kuisikia."

"Hata sisi," akasema Padre.

"Hii ni yangu! Nimeibiwa! Nilihangaika nayo tangu Alhamisi, 'paa' niliweka mwishoni kabisa, mwanzo ilikuwa 'kizingiti'! Nani huyu? Alikuwa wapi akaisikia? Mimi sijaiandika popote. Niliisema mara moja tu, kwa sauti, kwenye..."

Hapo maneno yakamwishia. Nimekaa mji mmoja na Kavaliere maisha yangu yote, nimemwona kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye tetemeko la ardhi akitoa shukrani kwa zimamoto. Sikuwahi kumwona akikosa neno. Bi Zelinda aliiweka leso yake mezani, na hakuwa anacheka tena.

"Zimebaki sentensi chache," alisema. "Nisome?"

Kavaliere akaitikia kwa kichwa.

"'Sasa nikiulizwa nina nini, nasema hakuna kitu. Hilo hawezi kulisahihisha. Lakini kama angeniuliza halafu akanyamaza kidogo, ningemwambia.'"

Kuni zikapasuka jikoni. Kavaliere aliangalia mikono yake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya Krismasi," Padre akamjibu.

"Na ninyi hamkuniambia?"

"Tulikuambia, Kavaliere. Ulitusahihisha."

Baada ya hapo kazi ya uamuzi ilikwenda haraka. Hadithi ya ndugu wa jaji haishindani, na hilo hakutaka mtu amkumbushe. Padre akaleta bahasha kutoka sakristia, Kavaliere akaipokea, akaitazama, akaitia jikoni mwenyewe bila kuifungua. "Jina nalijua," alisema. Karatasi hakuzichoma. Alizikunja mara moja, akazitia ndani ya koti, upande usio wa kalamu. Mguu wa nguruwe tukampa Zampa na mapacha wake, kwa kauli moja, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tuzo yetu ilitolewa bila mtu kusikiliza.

Mlango wangu uko chini ya ngazi zake, tukatembea pamoja, mwavuli mmoja. Nilijitayarisha kwa hotuba. Nilijua itakuwa juu ya mvua, machozi ya mbingu na kadhalika, nikaamua kuivumilia kama Mkristo. Tulipofika chini ya mnara wa kanisa akasimama.

"Mimi niliwahi kuanguka kutoka hapo," alisema.

"Kumbe ni kweli? Mayai ya njiwa?"

"Mayai ya njiwa. Baba alinipiga nikiwa bado natoka damu. Nikaacha kusema naye mpaka Pasaka."

"Akagundua?"

Kavaliere alipanguza mvua usoni. "Hapana."

Kwenye ngazi akanishika kiwiko. "Panda na mimi, Pierina. Dakika moja tu." Yule mtu aliyezungumza mbele ya maaskofu hakutaka kupanda peke yake.

Nives alikuwa jikoni anachambua maharage. Kobe alikuwa chini ya meza, na kama ningekuwa kobe ningekaa palepale. Kavaliere hakuvua koti. Alizitoa zile karatasi akaziweka mezani, zimelowa pembeni, wino wa bluu umechuruzika kidogo kwenye herufi. Msichana aliziona. Mikono yake ikasimama ndani ya bakuli.

Babu akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akatafuta pa kuiweka kana kwamba nyumba si yake, mwishowe akanipa mimi. Niliitia kwenye aproni. Iko huko hadi leo, na hajaiulizia, nami sitaki kumkumbusha.

"Una nini, Nives?" akauliza.

"Hakuna kitu."

Niliona mdomo wa babu unafunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, la silabi nyingi, naapa nililiona. Nikamwita Mtakatifu Rita. Kavaliere akalimeza, akavuta kiti, akakaa, akangoja. Alingoja mpaka nikasikia kobe akitembea. Nives alimtazama kwa muda mrefu, jinsi unavyomtazama mtu kwenye kituo cha treni ukijiuliza kama ndiye. Halafu akafuta mikono yake kwenye sketi.

"Nisomee," babu akasema. "Nisomee yote, Nives, kama ulivyoandika."